Dole Gumba la Mama Senkondo

Mikono ya chuma ilikuwa inafinyanga mikono ya udongo.

Roboti-mfinyanzi ilikuwa imeinama juu ya meza tangu saa mbili asubuhi, vidole vyake kumi na viwili vikibonyeza, vikipapasa, vikilainisha. Kiganja kilipokamilika ilikipulizia hewa ya moto, ikapitisha ndani yake nyuzijoto nyembamba kuliko unywele, kisha ikakipachika ukutani. Baada ya dakika tatu kiganja kilipata joto la mtu mzima. Na hapo ndipo penye ufundi wenyewe: ukikishika, nacho kinakushika.

Mhandisi Siaeli Mrutu alikuwa ameyaona hayo mara sitini na nane, na bado kila mara mwili ulimsisimka.

Huu ulikuwa Mnara wa Viganja, katika jiji la Kwamburi, mwaka wa 2087. Usidhani ni mnara wa kwenda mbinguni. Ulikuwa ukuta wa hatua themanini hivi, uliojipinda kufuata ubavu wa mlima, na juu yake vilipita vigari vya waya vinavyowapandisha watu makwao. Ulijengwa kuwakumbuka wanawake wafinyanzi ambao, miaka mia moja arobaini na mmoja iliyopita, waliugomea utawala wa kikoloni. Bwana shauri, mkuu wa wilaya wa siku zile, alikuwa ametoa amri kwamba mwanamke asiuze chungu sokoni bila cheti chenye alama ya dole gumba la mumewe. Asiye na mume abaki nyumbani. Wanawake wakateremka na vyungu vichwani, wakavivunja vyote mbele ya ofisi, wakakaa juu ya vigae siku tisa, mvua yao, jua lao. Siku ya kumi amri ikafutwa, na kiongozi wao akafungwa mwaka mzima.

Vigae vile vilikuja kufukuliwa, na kila kimoja kilikuwa na alama za vidole vya aliyekifinyanga. Kifaa alichobuni Siaeli, kisomavidole, kiliweza kuzisoma. Kwa kupima kina cha alama, upana wake, na jinsi kidole kilivyoburuzwa kwenye udongo mbichi, akili mnemba iliyoitwa Kumbukizi ilikokotoa mkono mzima: mifupa, sugu, nguvu ya kubana, hata baridi yabisi. Roboti ikapokea hesabu, ikafinyanga.

Kanuni ilikuwa moja. Mkono haupandi ukutani mpaka uwe na jina, na jina halikubaliki mpaka ukoo uje useme, "Ni wetu." Sasa, Kwamburi huwezi kumwita mwanamke mtu mzima kwa jina lake la kuzaliwa, utaambiwa hukufunzwa adabu. Utamwita Mama Fulani, kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo fomu ya Kumbukizi ilianza na swali: Mama wa nani? Karani wa kikoloni aliandika kwamba wanawake walikuwa "kama mia hivi". Kumbukizi ilipata sitini na tisa. Watu wakacheka wakasema karani alitia chumvi.

Siaeli mwenyewe, na miaka yake arobaini na mmoja, hakuwa na mtoto. Watu wasiojua wamwite nani walimwita Mhandisi, hata muuza maandazi wa pale langoni. Alikuwa ameshazoea, au ndivyo alivyokuwa akisema.

Mkono wa sitini na tisa ulikuwa wa kiongozi, Mama Senkondo. Siaeli aliuacha uwe wa mwisho kwa makusudi, maana huyu alikuwa wa kwao. Jina lake Marita. Marita alimzaa Senkondo, Senkondo akamzaa Bibi Naanjela, na Bibi Naanjela ndiye aliyemlea Siaeli. Barabara kuu ya jiji iliitwa Mama Senkondo, shule pia, na kila siku ya kumbukumbu Bibi Naanjela alikalishwa kiti cha mbele kabisa, akivishwa shada, akipigwa picha. Mkono huu haukutoka kwenye kigae. Ulitoka kwenye mtungi mzima uliokaa kabatini kwa Bibi, mtungi ambao ukoo wote ulijua ndio wa kwanza Mama Senkondo kuufinyanga alipotoka kifungoni.

"Mhandisi," ikasema Kumbukizi kwa upole wake, "kuna kasoro. Dole gumba la kulia limepinda kwenye kifundo. Picha ya marehemu Marita mliyonipa inaonyesha dole lililonyooka. Nifuate kipi?"

Siaeli alikuwa na kikombe cha uji mkononi, na Jumamosi ya uzinduzi ilikuwa keshokutwa. "Udongo ulijikunja ulipochomwa," alisema bila kuinua macho. "Nyoosha."

"Nimenyoosha."

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye huyo, anakunywa uji.

Saa nne Bibi Naanjela aliwasili kuushika mkono kabla ya watu wote. Alikuwa na miaka tisini na mitatu, na kitimwendo chenye akili ambacho hawakupatana hata siku moja.

"Nimekwambia kushoto!"

"Kushoto kuna ngazi, Bibi," kitimwendo kikajibu.

"Ngazi nilizipanda wewe ukiwa bado bati."

"Shikamoo, Bibi," Siaeli akasema, akijizuia kucheka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, nionyeshe huyo bibi yangu kabla wakubwa hawajamshika na mikono yao ya jasho."

Akasogezwa ukutani. Akatoa mkono wake mkavu, wenye mishipa, akauweka ndani ya kile kiganja cha udongo. Kiganja kikambana taratibu. Bibi akafumba macho. Alipapasa sugu iliyokuwa chini ya kidole cha pete, akapapasa ukingo wa kiganja uliokwaruza, akapanda hadi kwenye dole gumba. Hapo akasimama.

"Sia."

"Abee, Bibi."

"Mbona mmemnyoosha kidole?"

Siaeli hakuelewa. "Kidole gani?"

"Hiki. Dole lilikuwa limekwenda upande. Mlango ulimbana, ndivyo alivyoniambia."

"Mlango ulimbana Bibi Marita?"

"Marita wapi!" Bibi alifumbua macho, na yalikuwa yamejaa machozi. "Marita alikuwa mshonaji, mikono yake laini kama ya mtoto. Udongo sikumwona akiugusa hata siku moja, tuliambiwa aliuacha uzeeni. Huyu ni shangazi! Huyu ni Shangazi Nakundwa, jamani! Huyu ndiye aliyenivusha mto kila asubuhi kwenda shule. Mkono huu ningeujua hata nikiwa kipofu."

Siaeli alikuwa amelisikia jina hilo mara mbili tatu tu katika maisha yake. Nakundwa alikuwa wifi yake Marita, dada wa mumewe. Aliolewa, akakaa miaka minne bila kupata mtoto, akarudishwa kwao. Akapewa chumba cha uani, akafinyanga vyungu, na kwa kuwa Marita alikuwa anazaa mfululizo, yule mkubwa, Senkondo, akakabidhiwa shangazi yake amlee; hata Bibi Naanjela alikua akimwita shangazi, kama baba yake. Nakundwa alifariki wakati Bibi Naanjela ana miaka saba. Hilo tu ndilo lililojulikana.

"Kumbukizi," Siaeli akasema, "rudisha dole kama ulivyolikuta. Uniambie lilipindwa na nini."

Roboti ikaja, ikalainisha, ikapinda. "Si mlango," Kumbukizi ikasema. "Kwa jinsi alivyokwepa kulikandamizia udongoni, mfupa ulivunjwa na kitu kizito na bapa kilichoshuka kutoka juu, dole likiwa limewekwa juu ya kitu kigumu. Nakadiria meza."

"Nisomee karani alichoandika kuhusu kiongozi."

"'Mwanamke aitwaye Mama Senkondo, hana mume, alifika mezani akaweka dole lake mwenyewe kwenye karatasi. Askari alimzuia.' Kuna tanbihi ya Idara ya Kumbukumbu: karani alikosea, Mama Senkondo alikuwa na mume."

Karani hakukosea. Marita alikuwa na mume, Nakundwa hakuwa naye. Na lile neno "alimzuia", kumbe ndani yake mlikuwa na kitako cha bunduki.

Siaeli alikaa chini, pale pale sakafuni. Dole lile walilivunja kwa sababu lilithubutu kuwa dole la mwanamke juu ya karatasi. Naye, mjukuu msomi, mbunifu wa kisomavidole, amelifuta kwa neno moja huku mdomo umejaa uji. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kulikuwa na vikongwe," Bibi alisema polepole. Alikuwa kama anaongea peke yake. "Walikuja kuchukua vyungu. Walimwita Mama Senkondo. Mimi nilidhani wazee wamechanganyikiwa, nikawa nawasahihisha. Nilisimama pale mlangoni na sare yangu ya shule nikasema, 'Huyu siye Mama Senkondo, huyu ni shangazi, hana mtoto.' Mbele yake, Sia! Naye akaendelea na udongo wake."

Mkurugenzi wa mradi, Bwana Chediel, aliingia wakati huo akiwa na karatasi za uzinduzi. Alikuwa mtu mwema, ila aliwaogopa wakubwa. Siaeli alimweleza yote. Alisikiliza, akafuta miwani, akafuta tena.

"Bamba la shaba limeshachongwa, Mhandisi. 'Marita, Mama Senkondo.' Mkuu wa Jiji anakata utepe keshokutwa. Na hebu nisikilize, dada yangu: ukoo ni ule ule, nyumba ile ile, heshima imebaki kwenu. Nani atakuja kulalamika?"

"Hapo ndipo penyewe, baba," Bibi akamjibu. "Hakuna. Hakuzaa." Kisha akakigeukia kitimwendo. "Nirudishe nyumbani. Na mtu asinisemeshe."

Kwa mara ya kwanza kitimwendo hakikubisha.

Siaeli alibaki anautazama ule mkono uliopinda. Kurekebisha ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini akirekebisha, anamvua bibi yake shada alilovaa tangu utotoni, katika miaka ya mwisho ya maisha yake, mbele ya jiji zima. Asiporekebisha, anamvunja Nakundwa dole mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Alihisi moyo unakatwa vipande viwili, na hakuna kipande alichoweza kukitupa.

Jioni ile, kabla hajafunga karakana, alikumbuka kitu kilichomkosesha amani. "Kumbukizi, karani alisema kama mia. Kuna mikono uliyoiacha?"

"Ishirini na miwili. Vigae vyake ni safi na hesabu zake zimekamilika. Nimeihifadhi pembeni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Haikujibu swali la kwanza, Mhandisi. Hakuna ukoo uliokuja. Kwa taratibu mlizoniwekea, asiye mama wa mtu hana jina, na asiye na jina hahesabiwi."

Mashine haikusema kwa ubaya. Ilisoma fomu tu, na fomu aliiandika Siaeli mwenyewe, ambaye watu hawajui wamwite nani.

Asubuhi ya Ijumaa alipanda kigari cha waya hadi kwa Bibi, akipanga maneno njia nzima. Hayakuhitajika. Bibi alikuwa sebuleni amevaa kitenge chake kizuri, na mtungi ulikuwa umeshatolewa kabatini, umepakatwa mapajani.

"Umechelewa," Bibi alisema. "Sikulala. Nimekasirika, nimelia, nimewasema ndugu zangu wote waliokufa, mmoja mmoja kwa jina. Wakati wa kugawa sifa, waliulizwa Mama Senkondo ni yupi, wakamwonyesha aliyezaa. Nani angemwonyesha mwanamke aliyerudishwa kwao? Mfinyanzi hulia gaeni, Sia. Huyu hata kigae hakupewa."

"Bibi, kiti cha mbele..."

"Kiti nimekikalia miaka themanini, makalio yamechoka." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Inaniuma. Sikudanganyi. Nilipenda kuwa mjukuu wake. Lakini kuzaa si kazi, kazi kulea, na baba yangu alilelewa na Nakundwa, kwa hiyo mimi ni mjukuu wake vilevile. Ila Marita usimtupe. Hakudai kitu mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza habari za siku tisa zile, akasema, 'Mimi nilibaki nyumbani na watoto sita kifuani.' Nilidhani ni mzaha wa kizee. Kumbe alikuwa akiwanyonyesha wachanga wa wenzake, ili mama zao wakae pale. Liandike na hilo."

Waliteremka pamoja. Chediel alikuwa akipanga viti. Siaeli hakumzungusha.

"Mkurugenzi, ile amri ilisema mwanamke asiye na dole la mume hana nafasi sokoni. Kanuni yetu inasema asiye na mtoto hana nafasi ukutani. Nieleze tofauti, maana mimi nimeitafuta tangu jana sijaiona."

Chediel aliweka kiti chini. Alitazama orodha ya ile mikono ishirini na miwili. Mwishowe akavua miwani kabisa. "Mama yangu mdogo hakuzaa," alisema. "Ndiye aliyenisomesha." Akatia saini na akaagiza bamba jipya.

Siaeli alifuta swali la kwanza kwenye fomu. Roboti-mfinyanzi ilifanya kazi mchana kutwa bila kupumzika, kiganja baada ya kiganja: cha msichana, kama wa miaka kumi na minne, cha mwanamke aliyekuwa na vidole vinne, na kiganja kimoja kidogo na kigumu, ambacho Kumbukizi ilisema mwenyewe alitumia mkono wa kushoto. Nafasi tisa zikabaki tupu kutimiza mia ya karani. Siaeli akaagiza ziachwe hivyo hivyo, kila moja ikiwa na shimo la ukubwa wa kiganja, ili watakaokuja waendelee kutafuta.

Bibi aliomba kumshika shangazi yake tena, dole likiwa limerudi upande. Alibana mara tatu, fupi fupi. Mkono ukambana mara moja.

"Hajui," Bibi akasema. "Mtoni alikuwa akinibana mara moja, maana yake simama, maji yamekuja. Akibana mara tatu, maana yake twende."

"Naweza kuiongeza ishara hiyo," Kumbukizi ikasema. "Kila mgeni ataipata."

"Hiyo iache, mwanangu. Hiyo hukuikuta kwenye udongo."

Jumamosi watu walijaa mpaka juu ya ngazi. Kwenye kiti cha mbele palikaa mtungi. Bibi Naanjela alikuwa safu ya tatu, kando ya Siaeli, na waliomjua walinong'onezana kulikoni. Utepe ukakatwa. Chediel akaanza kusoma majina, na kwa kila jina ukoo ukasimama na kuitikia kwa sauti moja, "Ni wetu!" Wengine walipiga vigelegele, wengine walilia.

"Nakundwa binti Mbazi," akasoma, "mfinyanzi, aliyemlea Senkondo. Aliweka dole lake mwenyewe."

Watu walisubiri jina la Marita. Ndipo ikasikika sauti kavu ya kikongwe, kali, haina hata chembe ya mashaka. "Ni wetu! Jana na leo, ni wetu!" Na jamaa wote wa ukoo, ambao walikuwa wameelezwa asubuhi ile na wengine bado wamenuna, wakajikuta wamesimama. Chediel akasoma pia habari ya Marita na wale watoto sita, na vigelegele vikapanda hadi kwenye vigari vya waya.

Sitini na tisa wakaisha. Chediel akageuza karatasi.

"Mkono wa sabini," akasema. "Jina halijulikani."

Hakuna aliyesimama. Angesimama nani? Watu walitazamana. Mtoto akakohoa. Kigari kimoja kikapita juu kikiguna kwenye waya wake. Siaeli alikiona kile kiganja kidogo pale ukutani, chenye joto lake, kimeachama kinasubiri. Hata yeye siku moja, nani angemsimamia?

Ndipo akahisi mkono wa Bibi umeukamata wake. Mkavu, wenye mishipa. Ukabana mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Siaeli akasimama.

"Ni wetu!" akasema, na sauti ilimpasuka katikati, akairudia vizuri zaidi. "Ni wetu!"

"Mkono wa sabini na moja," Chediel akasoma. "Jina halijulikani."

"Ni wetu!" ikajibu sauti kutoka nyuma, langoni, na Siaeli alipogeuka akamwona muuza maandazi amesimama na beseni lake kichwani. Kwa mkono wa sabini na mbili hakuna aliyegeuka kuangalia ni nani aliyeitika, maana walikuwa wengi mno.